Faini ya Meza ya Auta

Bungeni Abuja watu wanasinzia. Mjadala wenyewe, ule wa kukuchelewesha kazini na usijute, uko Minna, karibu na stesheni ya zamani ya treni, kwenye meza ya magazeti ya Auta. Saa mbili asubuhi wanaume ishirini, thelathini, wameizunguka meza moja ya mbao, na kati ya hao anayenunua gazeti labda mmoja. Waliobaki wote ni wasomaji wa bure. Ukurasa wa mbele ni ruksa kwa kila mwenye macho. Ukitaka kufungua ndani, unamtilia Auta naira kidogo kwenye kopo la maziwa. Kubishana hakuna kiingilio, na Auta mwenyewe, kijitu kifupi chenye sauti ya kuamsha mtaa, ndiye spika.

Kuna watu watakwambia wale ni wavivu wasio na kazi. Waache waseme. Mtu aliyewahi kuwasikia Obiajulu na Malam Ndanusa wakigombania nchi igawanywe vipi hawezi kusema upuuzi huo.

Obiajulu alikuwa muuza vipuri vya magari, Mwigbo, mnene, mwenye mdomo usiojua likizo. Baba yake aliletwa Minna na reli, yeye akazaliwa Minna, akaoa Minna, akazaa Minna. Lakini muulize kwao wapi, atakutajia kijiji kule mashariki alikojenga nyumba ya ghorofa isiyolala mtu ila Krismasi. Wala usimcheke, wote ndivyo walivyo. Kwenu ni kwa babu yako, basi.

Malam Ndanusa alikuwa Mnupe, mzawa wa jimbo, mstaafu wa bwawani alikohudumia mitambo ya umeme ujana wake wote. Mwembamba, kofia nyeupe haijawahi kuonekana na doa, na huongea polepole mpaka unadhani amesahau anachosema. Kumbe hapo ndipo anakuandalia shimo.

"Kila jimbo lile linachopika!" Obiajulu alikuwa akipiga kelele, huku anaipiga meza kofi mpaka magazeti yanaruka. "Enzi za nyuma mashariki walikuwa na mawese yao, magharibi kakao, kaskazini karanga, kila mtu anahangaika na jasho lake. Leo je? Mafuta yanachimbwa kule kusini, hela zinakwenda Abuja, kisha magavana wote wanapanga foleni kila mwezi na mabakuli. Nchi gani hii ambayo gavana ni ombaomba mwenye king'ora?"

Watu wakacheka mpaka mama wa pembeni muuza kosai, zile bajia za kunde, akageuza uso asionekane anacheka siasa.

"Sawa, mdogo wangu," akasema Malam Ndanusa. "Nakubali. Kila mtu ale chake. Sasa mto ni wetu, bwawa liko kwetu. Kuanzia kesho umeme ni wetu, tunauza. Dukani kwako utawasha taa na nini? Na mawese?"

"Umeme gani, Malam? Jana nimekula ugali wa tuwo gizani, nikamega kidole changu mwenyewe!"

"Sasa umenielewa. Bwawa liko kwetu na giza liko kwetu. Umeme unatupita juu ya vichwa unakwenda kwa watu wengine. Ndio maana mimi nasema serikali kuu isituache mpaka imalize deni lake kwetu. Wewe unataka tuachane leo, wakati wewe umeshakula."

Hivyo hivyo, miaka na miaka. Mvua inyeshe, vumbi la upepo wa harmattan lijae puani, wao wapo. Na wala hawakuwa wakirudia maneno, hilo ndilo lililokuwa likiwashangaza watu. Obiajulu alikuwa akilala akifikiria atakachomjibu mzee yule, na mkewe Uzoamaka alikuwa akisema waziwazi kwamba angekuwa mwanamke mwingine angeona wivu. Baba zao walikuwa genge moja la reli, wakilala chumba kimoja na kula sahani moja. Obiajulu alimpenda Malam Ndanusa kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya watu.

Meza ile ilikuwa na sheria moja tu, na hiyo Auta hakumsamehe mtu. Bishana utakavyo, mwite mwenzako kichwa maji, mwite mpiga debe wa chama, hakuna neno. Ila ukimtukana kabila lake, ukoo wake au mtoto wake, unapigwa faini. Na faini haikuwa ya hela. Siku inayofuata unasimama upande wa yule uliyemtukana, unamtetea kwa hoja zake kana kwamba ni zako, mpaka meza nzima ikiri umemtetea barabara. Ukibabaisha, unarudia kesho yake. Mpaka umalize, hata vichwa vya habari hutazami. Kulikuwa na fundi saa mmoja wa Kiyoruba aliyeshindwa mara tatu, akahamia kusoma bure kwenye meza ya sokoni, na hadi leo akipita pale anaangalia chini.

Obiajulu hakuwahi kupigwa faini. Mpaka alama za mtihani zilipotoka.

Binti yake Kamsi alikuwa anamaliza shule ya msingi, na alikuwa amefanya mtihani wa kuingia shule ya bweni ya wasichana ya serikali kuu. Zile shule zilianzishwa ili watoto wa nchi nzima walale chumba kimoja wajuane, kwa hiyo kila jimbo lina nafasi zake na kila jimbo lina alama zake za kuingilia. Majimbo yenye shule nyingi na watoto wengi wanaoshindana, alama zao ziko juu. Majimbo yaliyoachwa nyuma, alama zao ziko chini. Na jimbo lako, kama nilivyosema, ni la babu yako.

Kamsi alipata mia thelathini na moja. Jimbo la baba yake, ambako amelala Krismasi tano maisha yake yote, lilitaka tatu zaidi. Jimbo alilozaliwa lilitaka chini ya mia.

Rafiki yake Zulai, waliyekaa naye dawati moja, alipata tisini na kitu. Akapita. Na Zulai alikuwa mjukuu wa Malam Ndanusa, aliyeletwa kukaa kwake kutoka kijijini.

Kamsi hakulia. Alikwenda nyuma ya nyumba akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawa anachora chini kwa kijiti, na kila aliyemwita alijibu "nakuja" bila kuja. Alikuwa ameitamani shule ile tangu alipowaona wasichana wake wakishuka kwenye basi na masanduku ya bati, wakiimba. Alikuwa ameshachagua kitanda atakacholala: cha juu, karibu na dirisha. Obiajulu alimtazama kupitia dirisha la jikoni mpaka hasira ikampanda. Kesho yake akaenda kwenye meza ya Auta na hasira hiyo hiyo.

Wenzake walijua. Walimpisha. Malam Ndanusa alikuwa ameketi kwenye benchi, na Zulai alikuwa amekuja kumletea babu yake bakuli la fura, uji wa mtama na maziwa. Mzee akaanza kusema, "Baba Kamsi, nimesikia. Imeniuma..."

"Imekuuma nini?" Obiajulu akalipuka. "Mwanangu kasoma mpaka macho yamemtoka! Wako je? Hiyo ndiyo haki yenu mnayoililia? Alama zile za mjukuu wako, Malam, hata mbuzi wangu angezipata!"

Zulai aliliweka bakuli kwenye benchi polepole, akalifunika vizuri na kifuniko chake, akaondoka. Hakukimbia. Malam Ndanusa akainuka, akalichukua bakuli, akamfuata mjukuu wake.

"Faini," Auta akasema.

"Sitoi faini yoyote!" akafoka Obiajulu, akaenda zake. Lakini mdomo ulikuwa umeshamponza, na yeye mwenyewe alijua. Mtoto yule alikuwa akila kwake siku tatu kwa wiki. Alikuwa akimwita Baba.

Usiniulize alivyoshinda siku ile. Alimuuzia dereva mmoja plagi za gari jingine, akampa mwingine mkanda wa feni ambao hakuuomba. Jioni Uzoamaka akamwekea chakula, akamtazama asivyokila, akakaa mbele yake.

"Njia ipo," akasema. "Na watu wote wanaipita, ni wewe tu na misimamo yako. Barua ya uzawa. Kamsi kazaliwa hapa. Chifu wa wilaya akiandika kwamba wewe ni mtu wa hapa, jimbo linabadilika, na alama zake zinatosha na kubaki. Nafasi bado hazijajaa, nimeuliza."

"Nitakuwaje mtu wa hapa? Jina langu lenyewe linapiga kelele."

"Akisimama mzawa mmoja akaapa kwamba ninyi ni ukoo mmoja, chifu anaandika."

"Mzawa gani ataapa hivyo kwa ajili yangu?"

Uzoamaka akaelekeza kidevu upande wa mtaa wa pili. Alikuwa anajua kwamba mumewe anajua.

Hapo sasa. Mtu aliyepiga meza miaka yote akisema kila jimbo lile chake, aende kuomba kula cha jimbo jingine. Tena amwombe mtu yule aliyemtukana. Obiajulu hakuwahi kuona njia ndefu kama ile ya kwenda kwa Malam Ndanusa, na ni nyumba ya mtaa wa pili tu.

Kesho yake alimkuta Zulai uani anaosha vyombo. Akachuchumaa mbele yake, na tumbo lake lile, magoti yakamlia.

"Zulai, jana nilisema neno baya. Lilikuwa la uongo na la kijinga. Nisamehe, mwanangu."

Zulai akaendelea kusugua sufuria. "Mbuzi hajui kusoma, Baba," akasema.

"Hajui."

"Basi." Na akamsogezea kigoda akae.

Malam Ndanusa alikuwa ukumbini amesikia yote. Obiajulu akaingia, akaamkia, akaanza kuzunguka, mara hali ya hewa, mara bei ya mtama. Mzee akamwacha azunguke mpaka akachoka.

"Umekuja kwa ajili ya barua," Malam akasema.

Obiajulu akaacha mtama wake hapo hapo. "Nani kakwambia?"

"Ningekuwa mimi ndiye baba wa Kamsi, ningekuwa nimeshakuja jana." Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Kuapa ni jambo zito kwangu. Lakini baba yako na baba yangu walikuwa wakila sahani moja, na kama huo si undugu sijui undugu ni nini. Nitasimama. Ila una faini kwa Auta. Kailipe kwanza. Ukiilipa vizuri, tukitoka pale tunakwenda moja kwa moja kwa chifu."

"Malam, nikikutetea wewe pale, watu watanicheka mwaka mzima."

"Wacha wacheke. Mimi nimekusikiliza miaka yote hii unavyojitetea. Nina hamu ya kusikia unavyonitetea mimi."

Obiajulu akatoka amechanganyikiwa kwa furaha na aibu. Kazi sasa ikawa moja: atetee vizuri, apate barua. Na yeye kama ni kutetea, hakuwa mtu wa kubahatisha. Akarudi pale uani, akakaa kwenye kile kigoda.

"Niambie kijijini kwenu palikuwaje."

Zulai akamwambia, kwa namna ya watoto, bila kuomba huruma. Kwamba wanakaa chini ya bwawa. Kwamba bwawa likijaa milango inafunguliwa, na maji yanakuja usiku bila kubisha hodi. Shule yao ilikuwa ya udongo, ikayeyuka. Mwalimu alikuwa akija kwa mtumbwi, na alikuwa anaogopa maji, kwa hiyo siku ya upepo haji. Kitabu cha hadithi kilikuwa kimoja darasa zima, na nusu ya mwanzo ilikuwa imeoza, hivyo walijua hadithi zote zinavyoisha na hawakujua hata moja inavyoanza.

"Na juu ya shamba letu kuna zile nyaya kubwa za umeme," akasema. "Zinanguruma. Tulikuwa tunalala kwenye majani tunazisikiliza. Kaka yangu alikuwa anasema hiyo ni Lagos inakoroma."

"Taa mlikuwa nayo?"

"Tulikuwa na kibatari."

"Na ulipokuja hapa Minna, miaka miwili iliyopita, ulikuwa unajua kusoma?"

"Mwisho wa hadithi tu," akasema Zulai, akacheka.

Obiajulu hakucheka. Alikuwa amemlisha mtoto yule miaka miwili na hakuwahi kumuuliza.

Kesho yake meza ya Auta ilifurika. Habari ya Obiajulu kulipa faini ilikuwa imefika mpaka gereji. Wakaja mafundi, wakaja waendesha pikipiki, akaja hata yule fundi saa, akasimama mbali. Auta akapiga kopo lake. "Mheshimiwa Obiajulu, leo wewe ni Mnupe wa bwawani. Anza!"

Vicheko. "Kofia yako iko wapi, Malam Obi?" mmoja akapaza sauti.

Obiajulu akasubiri wanyamaze. Halafu akaanza, na nakwambia, mtu yule alikuwa na kipaji. Hakupiga meza hata mara moja. Aliongea polepole, kwa mwendo wa mzee Ndanusa mwenyewe, mpaka waliokuja kucheka wakaanza kusogea wasikie.

"Mnaniambia nile nilichopika," akasema. "Nimepika. Nimewapikia nchi nzima. Mto wangu umezuiwa ili ninyi mpate baridi kwenye majokofu yenu. Shamba la babu yangu liko chini ya maji. Maji yakizidi mnaniletea mimi, umeme ukipatikana mnapeleka kwenu. Mtoto wangu analala chini ya nyaya zenu, anazisikia zinavyonguruma, kaka yake anamwambia hiyo ni Lagos inakoroma. Na yeye ana kibatari."

Hapakuwa na aliyecheka tena.

"Amesoma kwenye kitabu kisicho na mwanzo. Mwalimu wake anaogopa maji. Shule yake imeyeyuka. Mtoto huyu akaja mjini, miaka miwili, akakaa dawati moja na watoto waliosoma tangu wakiwa na miaka mitatu, wenye taa, wenye mwalimu wa ziada, wenye baba muuza vipuri. Akapata tisini na kitu. Ninyi mnaziangalia alama tisini mnasema chache. Mimi nauliza: kati ya hawa watoto, nani ametoka mbali zaidi? Na mkimpa kiti kimoja, kimoja tu, katika shule ya nchi ambayo yeye anaiwashia taa, mnasema mmemhurumia. Hamjamhurumia! Hamjaanza hata kumlipa. Na anayekuja kumnyang'anya kiti hicho..."

Akanyamaza.

Watu walidhani ni ufundi wa kuongea. Wakasubiri. Obiajulu alikuwa ameuona mwisho wa sentensi yake mwenyewe, na mwishoni mwa sentensi ile alikuwa amesimama yeye, na barua ya uzawa mkononi. Kwa sababu viti vya jimbo vimehesabiwa. Kamsi akiingia kwa barua, yuko mtoto wa chini ya bwawa, ambaye Obiajulu hamjui hata jina, atakayebaki nje.

"Malizia!" mtu akapiga kelele.

Akajifuta uso kwa kiganja. "Anayekuja kumnyang'anya ni mimi," akasema, kwa sauti yake mwenyewe sasa. "Nilikuwa nikitoka hapa niende kwa chifu nikaandikwe kwamba mimi ni mtu wa bwawani. Ili binti yangu apate. Nilikuwa nataka kiti hicho. Bado nakitaka, Mungu ananiona. Lakini siendi."

Auta hakupiga kopo. Hakukuwa na haja ya kuuliza meza kama faini imelipwa. Fundi saa wa Kiyoruba ndiye aliyeanza kupiga makofi, kule mbali alikosimama, na wote wakafuata, mama wa kosai naye akagonga mwiko wake kwenye karai.

Mmoja tu hakupiga. Malam Ndanusa aliinuka kwenye benchi, na yeye ambaye hakuwahi kupandisha sauti mbele za watu, siku ile akapiga kelele mpaka mshipa wa shingo ukamsimama.

"Unakwenda! Unakwenda kwa chifu, na mimi nakwenda na wewe! Mtoto kazaliwa hospitali ile pale! Kaogeshwa na mke wangu siku ya kwanza! Anaongea Kinupe kuliko wajukuu zangu walioko Abuja! Maji ya hapa ndiyo aliyokunywa, malaria ya hapa ndiyo aliyougua, halafu mnamwambia aende akahesabiwe kwenye kijiji cha babu aliyekufa? Haki gani hiyo? Hiyo si haki, huo ni uvivu wa kufikiri!"

"Malam," Obiajulu akamshika mkono, "mzee wangu, hayo ni maneno yangu mimi."

"Ni ya kweli!"

"Ni ya kweli. Na yangu nayo ni ya kweli. Kiti ni kimoja."

Wakasimama pale wametazamana, wanaume wawili wazima, kila mmoja ameshikilia hoja ya mwenzake hataki kuirudisha. Watu wa meza ile wameona mengi, wameona mapinduzi mawili na chaguzi zisizo na hesabu, lakini hilo hawakuwahi kuliona. Auta alisema baadaye kwamba laiti nchi ingekuwa na watu kumi tu wa namna ile angefunga biashara ya magazeti, maana pasingekuwa na habari mbaya ya kuuza.

Malam Ndanusa akanyoosha kofia yake. "Wewe ni mtu mgumu, Obi. Basi naenda peke yangu. Siapi uongo wowote. Namwambia chifu ukweli mtupu, kwamba kuna binti wa hapa ambaye karatasi zinasema si wa hapa. Akinifukuza, Ijumaa ijayo narudi." Na akashika njia ya kwa chifu, mwendo wa haraka ambao hakuna aliyejua bado anao.

Obiajulu alipofika dukani, habari zilikuwa zimemtangulia. Uzoamaka alikuwa amekaa juu ya tairi, mikono imefungwa kifuani.

"Umemuuza mwanangu kwa makofi," akasema.

Obiajulu akavuta tairi jingine, akakaa mbele yake.

"Mwambie mwenyewe. Mimi simo." Akageuka upande, lakini hakuondoka.

Kamsi akaja kutoka shule mchana, mkoba mgongoni, soksi moja imeshuka. Akawatazama wazazi wake, akajua kuna jambo. Obiajulu akamketisha kwenye sanduku la breki, akamwambia yote, tangu tusi la mbuzi hadi chifu, hakuficha hata kidogo.

Kamsi akafikiri. "Kwa hiyo babu yake Zulai ndiye aliyetaka niende," akasema. "Na wewe ndiye uliyekataa."

"Ndiyo."

"Ulisema nini pale? Niambie vilevile ulivyosema."

Obiajulu akasema, "Ah, mwanangu..." Lakini mtoto alikuwa anasubiri. Basi akasimama katikati ya mabomba ya moshi yaliyoning'inia, akairudia hotuba yote tangu mwanzo kwa mtu mmoja, bila kupiga meza, bila kupaza sauti. Mto, shamba, nyaya, kibatari, kitabu kisicho na mwanzo. Sauti ikamkatika mahali ambapo kule mezani haikumkatika. Akaendelea mpaka mwisho. Uzoamaka alikuwa ameacha kutazama upande.

Akamaliza. Kamsi akapiga makofi, taratibu, machozi yanamteremka mpaka kidevuni.

"Ni kweli yote, Baba," akasema. "Huyo wa chini ya bwawa aende. Lakini mimi nilitaka kwenda."

Obiajulu, aliyekuwa na jibu kwa Minna nzima, akapiga magoti pale kwenye grisi, akamkumbatia, na wakalia wote wawili.